Kidari cha Bata

Mama yangu hamwamini mtu. Nasema hivi bila kumsengenya, kwa sababu hata yeye ukimwuliza atakwambia hivyo hivyo, tena kwa fahari. Anaitwa Avelina, mjane wa marehemu Ambrosi, wa Marangu, na tangu nipate akili sijamwona akipokea kitu bila kukigeuza upande wa chini kwanza. Ukimpelekea kitenge anakivuta nyuzi. Ukimpelekea maziwa ananusa, anaonja, ananusa tena, halafu anauliza ng'ombe ni wa nani.

Chama cha ushirika kilipokuwa kinanunua kahawa peke yake, mama alimshuku karani. Biashara ilipofunguliwa wakaja wanunuzi binafsi na magari yao na mizani ya kuning'iniza mtini, akawashuku wote kwa pamoja. Alikuwa anakwenda kuuza na pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye kikapu, haijafunguliwa, na kabla gunia lake halijapanda anaipandisha kwanza sukari. Mizani ikisema vingine, anajitwika kahawa yake na kurudi nayo nyumbani. Wale wanunuzi wakambandika jina la Mama Sukari, na wengine wakimwona tu anatokea kwenye migomba wanairekebisha mizani wenyewe. Mimi nina duka la vitambaa hapa Soweto, mjini Moshi, nimeshapunjwa mno na watu wanaonichekea, kwa hiyo simcheki.

Lakini mtu aliyemshuku kuliko wote ni baba mdogo Augustino, mdogo wake marehemu baba. Vihamba vyao vimepakana. Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la nyumbani: migomba, kahawa chini ya migomba, nyumba katikati, na makaburi ya watu wetu nyuma ya nyumba. Mpaka ni mstari wa masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo Mchagga haing'oi ovyo. Baba alipokufa tu, mama akaanza kusema masale yanatembea. Kila mvua zikikatika anatoka kuyakagua, anarudi anasema yamesogea tena kuja kwake. Baba mdogo alikuwa anacheka, na kile kicheko mama alikichukua kuwa ushahidi.

Basi mwaka ule wa 2001, Jumapili moja, mama alirudi kutoka misani akakuta vigingi vimepigiliwa kwenye kahawa yake. Vigingi vipya, vimefungwa utepe mwekundu, vimeanzia mfereji wa juu vikashuka mpaka karibu na kaburi la baba. Jirani akamwambia aliona wanaume wawili na utepe wa kupimia, wamevaa viatu vya mjini, wamepitia upande wa Augustino. Mama aliving'oa vyote, akavitia jikoni, akapikia kiburu, ndizi na maharage. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Salvina, shemeji yangu anataka kuuza kaburi la mume wangu nikiwa nalitazama." Alisema hivyo macho makavu. Nilimwonea huruma sana mama yangu siku ile. Pale ndipo alipoletwa akiwa bibi harusi, pale ndipo alipozika, na sasa alikuwa anahofia kuzeeka kwenye chumba cha kupanga.

Kati ya watu wote wa dunia hii, mmoja tu ndiye aliyepita kwa mama bila kukaguliwa: kaka yangu Primus. Mtoto wa kiume peke yake, unafikiri nini. Primus anafanya kazi na kampuni ya watalii hapa mjini, ana pikapu, ana simu ya mkononi anayoiweka mezani ili watu waione. Akileta sukari mama haifungui kuitazama. Akisema jambo, limekwisha. Mimi nikileta jambo lile lile naulizwa nimelisikia kwa nani.

Huyo Primus ndiye aliyekuja kusema atatupeleka kula. Akasema kuna mkahawa wa Kichina umefunguliwa mjini, wana bata wa kuchoma ambaye hatujawahi kumwona, na kuna vitu vidogo vinapikwa kwa mvuke, vinaitwa dimsamu. Anataka amkalishe mama na baba mdogo meza moja, wale, wacheke, mambo ya vigingi na masale yaishe. Mimi niwepo kumsaidia mama.

Mama alimwitikia vizuri. Primus alipoondoka akanigeukia. "Hiki chakula ni cha Augustino. Kamtumia mwanangu tu, kwa sababu anajua mwanangu hana hila."

Ni lazima nieleze hapa, la sivyo mtamwona mama mwehu. Kwetu mtu mwenye haja kubwa, ya mke au ya shamba, haanzi kwa maneno. Anakuletea mbege, pombe yetu ya ndizi. Ukishainywa umekubali, na kusema baadaye kwamba hukuelewa ni kujiaibisha mbele ya ukoo. Kuna wazee wameozesha mabinti hivyo na kuna waliopoteza migomba hivyo, kwa kiu tu. Sasa mama aliona haya mambo ya kisasa ni yale yale, badala ya mbege kaletewa bata.

"Nitakwenda," akasema, "nimtazame usoni. Lakini sitii kitu mdomoni."

Siku yenyewe alikula nyumbani asubuhi, makusudi, mtori wa ndizi bakuli mbili, akashiba mpaka akalegea. Primus akatupitia na pikapu. Baba mdogo alikuwa ameshakaa nyuma na koti lake la ndoa za watu, ameshika kofia isipeperuke. "Shikamoo baba mdogo," nikamwamkia. Mama alimpungia mkono tu, akapanda mbele.

Pale mkahawani mbele kuna dirisha la kioo, na ndani ya dirisha wamening'inizwa mabata wazima, wekundu, wanang'aa, vichwa vyao vipo. Mama alisimama akawatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika wote ni mabata. Nikamwambia mama, kichwa hicho hapo, mdomo wa bata huo. Akasema kichwa kinaweza kuazimwa.

Ndani tulikuta mtu ameshakaa mezani kwetu. Mwanamume wa makamo, tumbo la neema, miwani ya jua ameipandisha kichwani. Akainuka haraka, akampa mama mkono kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Naitwa Elifuraha. Ni rafiki yake Primus, tuko wote kwenye hizi kazi za wageni."

"Marahaba. Kwenu ni wapi?"

"Machame, mama."

"Na wewe una ugomvi na nani?" mama akauliza. "Maana tumeambiwa hapa ni chakula cha kupatana."

Yule bwana akacheka, akamtazama Primus. Primus akasema Elifuraha ni mtu wa nyumbani tu, amekuja kutuchangamsha. Mama akavuta kiti akakiweka ukutani, mahali ambapo anamwona baba mdogo vizuri na mlango pia. Hakumshughulikia tena yule mgeni. Jicho lake lote lilikuwa kwa Augustino.

Mhudumu alikuwa binti anaitwa Pamela, mpole, amevaa gauni jekundu la kola ndefu ambalo ni wazi hakulichagua mwenyewe. Akaleta chai. Mama akainusa, akasema haina maziwa, haina sukari, na inanuka sabuni ya kuogea, akaisukuma. Ukaja mchuzi mweusi kwenye kisahani, akauliza kama ni oili. Kisha zikaja dimsamu zenyewe, kwenye vikapu vidogo vya mianzi vyenye vifuniko, mvuke unatoka. Vitu vyeupe vimekunjwa vizuri, kama sambusa ambazo mtu amesahau kuzikaanga.

Baba mdogo alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula. Alikula kwa raha zake mzee wa watu. Alizipenda zaidi zile za mviringo, laini, na kila akimaliza moja anaangalia kikapu kama kuna nyingine. Primus naye alikuwa anamsogezea. Mimi pia nilikula, na nitasema ukweli, zilikuwa tamu. Mama alikaa mikono mapajani.

"Mama, onja hata moja," Primus akambembeleza.

"Mtu mwenye nyama nzuri anaifunga ya nini?" mama akajibu. "Nyama nzuri huwekwa wazi. Kilichofungwa kinaficha."

Pamela akachukua uma akapasua moja, akamwonyesha. "Ni nguruwe, mama, na kitunguu. Nimeona mwenyewe inavyokatwa."

"Nguruwe namjua. Sina ugomvi naye. Na hao mabata mnawatoa wapi?"

"Chekereni, mama. Wanafugwa kwenye majaruba ya mpunga. Mimi kwetu ni huko."

"Kwa hiyo wamekula matope ya Chekereni."

"Wamekula na mpunga, mama," Pamela akasema, akajikaza asicheke.

Nilikuwa nampiga mama kiwiko chini ya meza. Nilitamani ardhi inimeze. Watu wa meza nyingine, wengine Wahindi, wengine wafanyakazi wa ofisini, walikuwa wanatugeukia. Lakini mama hakuwa na habari nao. Kila mara Elifuraha anapommiminia baba mdogo bia kwenye glasi, mama anamtazama baba mdogo anavyokunywa, na midomo yake inajikunja. Akaninong'oneza kwa Kichagga, "Angalia anavyojishibisha. Anakula kwa niaba yangu." Nikaanza na mimi kumtazama baba mdogo kwa jicho hilo hilo, maana shuku inaambukiza, hasa ukiwa umekaa karibu. Nikaona kweli anacheka sana. Nikaona kweli hajataja vigingi hata mara moja. Nikamchukia kidogo, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Primus akapiga makofi mawili. Bata akaletwa, mzima, kwenye sinia, na kichwa chake kimegeuzwa upande mmoja. Primus mwenyewe ndiye aliyeagiza aletwe hivyo, apendeze kama ndafu, yule mbuzi mzima wa harusini. Pamela akauliza kama amrudishe jikoni akakatwe.

"Hapana, binti yangu," baba mdogo akasema, akainuka na kukunja mikono ya koti. "Nyama ya watu wazima haikatwi jikoni. Niletee kisu."

Katika ukoo wetu baba mdogo ndiye mkataji. Ng'ombe wa msiba, mbuzi wa ubatizo, wote wanapita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kapewa kisicho chake. Kwetu nyama haigawiwi kwa njaa, inagawiwa kwa nafasi yako. Kila kiungo kina mwenyewe, na ukitaka kujua wewe ni nani pale nyumbani, subiri nyama ikatwe utazame kilichotua kwenye sahani yako. Mimi kama binti aliyeolewa najua changu, na si kikubwa.

Wakamletea kisu kipana cha jikoni. Akaondoa mapaja, akaondoa mabawa, polepole, ngozi inalia. Elifuraha alikuwa ameshakunywa bia zake, uso umemfunguka, anasifia mkono wa mzee. Kisha baba mdogo akakitoa kidari kizima, bila kukichana, akakiinua kwenye ncha ya kisu. Kidari kwetu ni cha mwenye kihamba. Mkataji hakiweki kwanza, huuliza, na swali ni moja tangu mababu, hata kama jibu linajulikana na kila mtoto. Kwa mazoea tu, nusu kwa utani kwa sababu alikuwa ni bata wa Mchina, baba mdogo akauliza, "Mwenye kihamba nani?"

Elifuraha akanyoosha sahani yake.

Aliinyoosha vizuri, kwa mikono miwili, anatabasamu, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mtu wa Machame, kalelewa kwenye nyama hiyo hiyo na swali hilo hilo. Hakufikiri. Mtu asingeweza kumtega hivyo hata angekaa mwezi mzima kutafuta.

Sahani ikabaki hewani, halafu tabasamu likaanza kumtoka, akairudisha chini taratibu. "Aa, samahani mzee," akasema. "Nilidhani…"

Baba mdogo hakumtazama yeye. Alimtazama Primus. Na Primus alikuwa anaangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia.

"Primus," baba mdogo akasema, kisu bado kiko juu. "Vile vigingi ni vya nani?"

"Baba mdogo, ngoja kwanza nieleze. Ni hoteli ndogo tu ya wageni. Mama angejengewa chumba kizuri mjini, chenye umeme, chenye maji ya bomba. Tulikuwa tunataka tule kwanza, halafu tuongee kama watu wazima."

"Mmeshakubaliana?"

Primus akamtazama Elifuraha. Elifuraha ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayejitoa, kwamba yeye aliambiwa familia nzima imeridhia, kilichobaki ni kula pamoja.

Nilimgeukia mama. Niliogopa nitakachokiona. Miaka kumi alikuwa anakagua masale, anamlinda huyu, anamkwepa yule, na mwizi alikuwa anamletea sukari isiyofunguliwa. Hakulia. Alikuwa anamtazama Primus kama anamtafuta, kama vile mtoto wake ametoka kidogo na huyu aliyekaa pale amekuja kumshikia kiti. Kaka yangu nilitaka nimpige kofi mbele ya Wahindi wote wale.

Baba mdogo akasukuma glasi ya bia mbali na sahani yake. "Mimi nimeshakula," akasema, "na sikujua nakula kwa nani. Hilo ni aibu yangu, nitalijibu mbele ya ukoo. Lakini mama Primus hajala. Mmemwona wote, hajatia kitu mdomoni tangu ameingia. Hajakubali kitu."

Akazunguka meza, kisu mkononi, akakiweka kidari kwenye sahani ya mama.

"Shemeji," akamwambia, "hiki si cha huyu bwana, wala si cha mwanao. Anayekupa ni mimi, mkataji wa ukoo, mdogo wake Ambrosi. Kula."

Mama akakitazama kidari. Akamtazama baba mdogo, usoni, kwa muda mrefu, na mimi nilijua anafikiri nini: kwamba huenda huu nao ni mtego, kwamba akila amekula, na hakuna atakayemsikiliza tena. Mtu aliyemshuku miaka yote ndiye aliyekuwa amemsimamia, anamwambia kula, na hapakuwa na mwingine wa kumwuliza. Yule ambaye mama alikuwa anamwuliza kila siku alikuwa amekaa upande wa pili na simu.

"Aika," mama akasema. Ndiyo asante yetu. Sijawahi kumsikia akimwambia baba mdogo neno hilo tangu tuzike.

Akala. Hakutumia uma wala vile vijiti vyao vya kulia. Alishika kidari kwa mikono miwili akakila pale mbele yetu, ngozi, nyama, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye vifundo vya mikono, na mtori wa asubuhi bado uko tumboni. Kuna wakati alisimama kutafuna, akapumua, nikadhani atashindwa. Akaendelea. Primus alisema "mama" mara moja, kwa sauti ndogo. Pamela alikuwa amesimama na sinia, hakujua aondoke au abaki. Mama akala mpaka ukabaki mfupa, akauweka mfupa kwenye sahani, akafuta mikono kwenye kanga yake ya ndani na si kwenye kitambaa chao.

Kisha akamgeukia Elifuraha, na akasema naye kwa adabu, bila hasira hata kidogo.

"Baba, wewe nakuona umedanganywa. Siku ukipita Marangu, usipitie mferejini na kamba za kupimia. Njoo kwa njia ya mbele, upige hodi. Mimi ndiye nitakayekukaribisha, au nitanyamaza."

"Nimekuelewa, mama," Elifuraha akasema.

Mama akainuka, akachukua mkoba wake. Baba mdogo akamshika mkono amsaidie kupita kwenye viti, na akakubali kushikwa. Alipofika nyuma ya kiti cha Primus akasimama. Nilidhani atamwekea mkono begani, kwa sababu ndivyo anavyofanya siku zote, hawezi kumpita.

"Na wewe vilevile," akamwambia.

Kaka yangu ana funguo za ile nyumba ya Marangu. Anapiga hodi mpaka leo.